Katikati ya Kitabu, Zamu ya Usiku

Nilikinunua Mbuyuni, juu ya turubai la mitumba,
kati ya kamusi isiyo na herufi M
na mwongozo wa kupogoa kahawa.
Jalada limechanika. Jina la mwandishi limeliwa na panya.
Elfu moja na mia tano. Muuzaji akasema:
"Hicho kinatisha, dada. Usikisome peke yako."

Ninakisoma peke yangu.
Maabara, saa nane usiku, Moshi imelala,
jokofu la damu linanguruma nyuma yangu
kama paka aliyeshiba.

Nimefika ukurasa wa mia na arobaini na tatu.
Hadi hapa nakiri: mnyonya damu huyu ananichosha.
Koti refu, kucha, ngome ya mawe,
mbwa-mwitu wanaolia kwa zamu kama walinzi wa benki.
Lakini tangu ukurasa wa mia hajaonekana hata mara moja,
na yumo kila mstari,
kama harufu ya mafuta ya taa chumbani
baada ya taa kuzimwa.

Kuna kijana wa msaga nafaka anayepauka.
Kila asubuhi anapauka zaidi.
Madaktari watatu wamemzunguka,
wanamwandikia divai na hewa ya bahari,
na hakuna hata mmoja aliyempima wingi wa damu!
Nikagonga meza. Mpimeni, jamani!
Tone moja tu la kidoleni
mngejua tangu ukurasa wa sitini.

Saning'o, mlinzi, akachungulia.
"Kuna nini?"
"Humu kuna mtu anakunywa damu."
"Ya nani?"
"Ya watu."
Akaegemea fimbo, akafikiri.
"Hana ng'ombe?"

Swali hilo halimo kitabuni. Nimelitafuta.

Maana hata mimi, Jumapili ya juzi, Kibosho,
shemeji alipochinja mbuzi
nilipewa bakuli la kisusio, la moto,
nikalimaliza, nikaulizia jingine.
Kwetu damu haitishi.
Anatisha anayeinywa bila kuita jirani.

Bibi Aikaruwa alituhadithia mumiani.
Hawakuwa na meno marefu, alisema.
Walikuwa na ndoo, na gari lisilowasha taa,
na mshahara wa kila mwezi.
Hapo hunyamaza, akakaza kanga kiunoni,
kana kwamba mshahara ndio jino lenyewe.
Siku niliyomwambia nimeajiriwa kutoa watu damu
alinitazama mpaka chai ikapoa.

Sheria moja ya kitabu imenikwama kooni:
hawezi kuingia asipokaribishwa.
Husimama kizingitini, na pete zake zote,
akingoja neno.
Nikauwaza mlango wetu wa Pasua.
Sisi hujibu kabla ya kuuliza.
Hodi, karibu. Mdomo hutangulia macho.
Mama yuko jikoni, ametupa mlango mgongo,
mikono ina unga: pita ndani, keti, usisimame.
Kwetu angeshiba kabla ya sura ya pili.

Au labda asingeshiba.
Angewekewa chai. Angeulizwa ukoo.
Wa kina nani? Mama yako hajambo? Mbona umekonda hivyo?
Angesogezewa ndizi, akatae, asogezewe tena,
ahadithiwe kesi ya mpaka wa kihamba tangu mwanzo,
hadi jua limkute, nyuma ya Mawenzi likichomoza,
kikombe bado kimejaa mkononi.

Nacheka peke yangu. Kisha dirishani:
"Hodi."

Nimesema karibu kabla sijainua kichwa.

Mwanamume, shati limefungwa vifungo upande,
midomo imekauka, mkononi fomu iliyolowa jasho.
Mkewe yuko wodi ya wazazi. Wanataka chupa mbili.
Haketi. Anatazama jokofu kama mtu
anayetazama mlango wa kanisa uliofungwa.
Nafungua. Baridi inanipiga usoni.
Nasoma lebo, nasoma fomu, nasoma lebo tena,
mara tatu, hakuna kitabu nilichowahi kusoma hivi.

Kile kingine nimekiacha mezani,
kimelala kifudifudi, kurasa zimetawanyika,
kama mtu aliyeinama kunywa.